Wardi, Wardo

Mara ya kumi na nne Mwatime aliomba arudishiwe sauti ile, na Mlezi, ambaye hajui kuchoka wala kuchoshwa, akairudisha. Kwanza ulisikika mvumo wa hewa inayotoroka. Zikafuata pumzi za mwanamume, fupi fupi. Kisha yakaja maneno mawili ya mumewe, ya mwisho kabla hajapoteza fahamu: neno moja la Kiskari na jina moja la mwanamke. Jina lenyewe halikuwa Mwatime.

"Wardi... Sikudhani."

"Tena," alisema Mwatime.

Mkalimani mwenye kiapo hupewa chumba chenye kuta nene na kiti kizuri ili asikilize kwa utulivu. Utulivu wa wapi! Alikuwa ameketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni asiyekaribishwa, vipokea sauti vimembana masikio, na kila jina lile lilipotoka alihisi kitu kikimkwaruza kifuani. Kwao Tanga kitu hicho wanakiita kijiba cha roho. Kiskari hakikuwa na jina lake.

Kiskari hakikuwa na majina ya vitu vingi. Waasisi wa mji wa Skar, miaka tisini nyuma, walikuwa wataalamu waliochoshwa na magomvi ya Dunia, wakaamini kwamba magomvi huletwa na wingi wa maneno. Basi walipoutoboa mji wao chini ya barafu ya Kalisto, mwezi wa Mshtarii, walijiundia lugha mpya. Waliuendea ukoo wa Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi na ndugu zao waliokufa zamani, wakachuma mizizi mia sita, wakaikwangua mpaka ikabaki mitupu, wakasema: hii inatosha. Milango, lifti, hewa na dawa, vyote wakamkabidhi Mlezi, mashine isiyotii lugha nyingine. Neno la wivu hawakulitia. Walidhani kisicho na jina hakiumi. Ungewaona, ungewahurumia.

Maneno mia sita kwa watu elfu nne ni sawa na kujifunika shuka la mtoto: ukilivuta kichwani, miguu inabaki nje. Kila neno likabebeshwa maana juu ya maana, na hakuna lililobebeshwa kama ward. Ward lilikuwa thamani ya kitu. Lilikuwa mlinzi wa zamu. Lilikuwa kulinda, na papo hapo lilikuwa kuzuia, kwa kuwa waasisi waliona anayelinda na anayezuia wote wawili wamesimama mlangoni. Na lilikuwa mtu wako. Kiskari hakina mke wala mume, kina ward tu, yule mmoja uliyemtaja mbele ya Mlezi kwamba unamlinda. Huyo ndiye anayekaa kando ya kitanda chako ukiugua, ndiye anayeamua utibiwe vipi, na ni sauti yake peke yake inayokubaliwa kukuita siku ya kuamshwa. Ndoa ya Mwatime na Shekue, yenye kadhi na mashahidi na pilau ya mchele uliosafiri miaka saba, kwa Mlezi ilikuwa sentensi moja: Shekue ward Mwatime.

Mpaka juzi, kwenye shimo namba tisa.

Shekue alikuwa msimamizi wa wachimba barafu, na siku hiyo alikuwa shimoni na Sikudhani, fundi wa keekee, mashine ya kutobolea barafu. Ukuta ulipasuka, hewa ikaanza kutoroka. Sikudhani akatoka. Mlango ukafungwa, Shekue akabaki ndani. Walipomtoa baada ya dakika arobaini mikono na miguu ilikuwa imeganda, na sasa alikuwa amelazwa kwenye tangi la uponyaji, katika usingizi wa dawa.

Mlango wa shimo hufungwa kwa njia mbili. Aliye ndani anaweza kuufunga kwa neno, na neno lenyewe ni ward la kulinda. Mlezi hakubali kumfungia mtu kwenye hatari kwa neno jingine lolote. Aliye nje anaweza kuufunga kwa mkono, kwa kuvuta wenzo. Kumbukumbu za mlango na za wenzo zilikuwa zimeungua pamoja na nyaya, ikabaki sauti ya kofia tu. Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye neno la Shekue. Kama alisema kulinda, basi alijifungia mwenyewe ili Sikudhani apone, na kwa kumtaja hivyo mbele ya Mlezi, Sikudhani ndiye ward wake sasa badala ya Mwatime. Kama alisema kuzuia, basi alikuwa akilia azuiwe mwanamke anayemkimbia na kumfungia.

Anayemwacha mwenzake shimoni hunyang'anywa milango. Hapigwi, hafungwi. Mlezi humsahau tu. Hakuna mlango utakaomfungukia tena maisha yake yote. Atasimama kwenye korido mpaka apite mtu wa kumhurumia amfungulie, awe anakwenda kula, kulala au chooni. Skar ilikuwa na watu wawili wa namna hiyo, na hata watoto walijua wanavyosimama.

Taa ya mlangoni iliwaka. Aliingia Aldis Rein, mkuu wa baraza, mwanamke mrefu aliyezaliwa humo humo Skar.

"Bi Mwatime," alisema kwa Kiswahili chake cha darasani, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. "Baraza litaketi kesho baada ya chakula cha mchana. Nafahamu jambo hili ni zito kwako. Lakini mkalimani mwenzako ameondoka na chombo kilichopita. Hakuna mwingine mwenye kiapo anayeyajua matamshi ya watu wenu."

"Na nikikataa?"

"Ni haki yako. Ukikataa, au kiapo chako kikivunjika, Mlezi atachukua maana inayotumika zaidi shimoni."

"Ipi hiyo?"

"Kuzuia," alisema Aldis. "Mara tisini katika mia. Zuia maji, zuia keekee, zuia mtu. Pole sana, Bi Mwatime. Kapumzike."

Akaondoka. Mwatime alibaki akitazama mikono yake. Kumbe hakuwa na haja hata ya kusema uongo! Angekaa kimya, angesema mimi ni mke, sifai, niacheni na msiba wangu, na watu wangempa pole. Shekue angebaki kuwa wake. Sikudhani angebaki na korido. Wala hakuna ambaye angemnyooshea kidole.

Tatizo ni kwamba alijua. Alijua tangu mara ya kwanza.

Waasisi walizitenga zile maana mbili kwa urefu wa sauti: waard ni kulinda, ward fupi ni kuzuia. Kwao ilikuwa rahisi. Lakini wachimbaji waliotoka Tanga, Lindi na Lamu hawakuwahi kuona neno likiachwa bila irabu mwishoni, likiwa limening'iniza mguu hewani. Ndimi zao zililimalizia zenyewe. Wenyeji wakacheka, wacheke, na wachimbaji wakaigeuza kasoro kuwa mali: wakisema wardi ni linda, wakisema wardo ni zuia. Mtu ndani ya kofia ya hewa, midomo imekufa ganzi, hawezi kupima urefu wa sauti, ila irabu ya mwisho itasikika. Kila mchimbaji alijua. Mlezi hakujua, kwa sababu alifundishwa kuikata ile irabu na kuitupa, kama lafudhi. Na baraza halipokei lugha ya mashimo kutoka kinywa chochote kisicho na kiapo.

Shekue alisema wardi. Mtu asiyeijua lugha ya mashimo angedhani anamwita yule mwanamke waridi, na kwa dakika moja yenye aibu, mkalimani mwenye miaka kumi na sita kazini alidhani hivyo hivyo, damu ikampanda kichwani. Kisha akili ikamrudia. Wardi, linda. Hizo mara nyingine kumi na tatu alikuwa akiitafuta ile o.

*

Chumba cha wagonjwa kilimfungukia kabla hajakifikia. Shekue alikuwa amelala ndani ya kioo, maji ya dawa yamemfika kidevuni, ndevu zimeota ovyo. Kwenye ukuta palikuwa na mstari wa kijani uliokuwa ukitambaa chini chini, ndio akili yake, na chini ya mstari majina mawili: Shekue, Mwatime. Siku tatu zaidi, na angeitwa aamke.

Mwatime alivuta kiti, akaketi, akaanza kumgombeza kimoyomoyo, kama ilivyokuwa desturi yake tangu mwaka jana.

Maana ilikuwa mwaka mzima wa Sikudhani. Sikudhani anaitambua keekee mbovu kwa kuisikiliza. Sikudhani kasema hivi, Sikudhani kafanya vile. Viatu vya Sikudhani vilipasuka, na nani aliyevishona? Huyu huyu ambaye bawaba ya kabati nyumbani imelegea tangu wahamie. Mwatime hakuwahi kusema kitu. Alikuwa na heshima zake. Alimeza, akameza, na kila alichokimeza kilikaa pale pale.

Angalau angesema jina langu, aliwaza. Hewa inakwisha, mauti yamesimama mlangoni, mtu ana pumzi ya maneno mawili. Angalau moja lingekuwa mimi! Alijua kwamba hayo si haki. Alijua neno jingine lisingeufunga ule mlango, na kwamba lazima lifuatwe na jina la anayelindwa. Wivu hausikilizi sheria za milango.

"Hodi."

Hakuwa na haja ya kugeuka. Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba, miaka thelathini na nne, ushungi umefungwa haraka haraka, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi kwenye viganja.

"Shikamoo, da Mwatime."

Mwatime aliiacha ile shikamoo hewani bila marahaba. Si jambo dogo hilo, na wote wawili walilijua.

"Umekuja kumwona, au umekuja kuonwa?"

"Nimekuja kwako, dada."

"Basi keti. Viti si vyangu."

Sikudhani hakuketi. Mwatime akazitazama zile bandeji.

"Nasikia uliugonga mlango mpaka kucha zikang'oka. Mlango wa chuma unene wa mkono. Ulitegemea ukuonee huruma?"

"Ulitaka nifanye nini? Nicheke?"

"Kucheka unakujua. Nasikia huko shimoni mnacheka sana."

Maji ya dawa yalibubujika ndani ya tangi.

"Hakunigusa," alisema Sikudhani.

"Sijakuuliza."

"Umekuwa ukiniuliza tangu mwaka jana, dada. Kila nikipita unaniuliza kwa macho. Leo niulize kwa mdomo, tumalizane."

Mwatime alisimama. Hakujua kwa nini, labda kwa sababu kuulizwa ukiwa umeketi ni kama kushtakiwa. "Haya. Ulikuwa na nini na mume wangu?"

"Tulikuwa tunacheka," alisema Sikudhani. "Ndiyo hiyo tu. Shekue shimoni ni mcheshi, anaiga watu, anamwiga Bi Aldis mpaka mbavu zinauma. Mtu unasahau kama zamu imekwisha. Siku moja nikamwambia, mkeo kapata bahati, nyumba yenu lazima ni vicheko tupu. Akasema, nyumbani kuna utulivu."

Bora angemwambia wamelala pamoja. Hilo lina dawa zake: mtu hugomba, huvunja sahani, huita wazee, huomba talaka au huombwa radhi. Kicheko utakidai kwa nani? Mwatime alijaribu kukumbuka lini Shekue alimwiga mtu mbele yake, na alikumbuka vizuri: miaka ya mwanzo, kabla hajamwambia kwamba si vizuri kuwacheka watu. Uso ulimsawijika.

"Ulilisikia neno lake?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nililisikia kwenye kofia. Nawe umelisikia. Usinitazame hivyo, sitalisema barazani. Hawalipokei kwangu. Kiapo unacho wewe."

"Kwa hiyo umekuja kunibembeleza."

"La," alisema Sikudhani. "Nimekuja uniangalie usoni leo, ningali mtu. Keshokutwa nitakuwa yule wa korido, na yule hakuna anayemtazama usoni. Nimewapita wale wawili miaka sita, dada, na sijui hata macho yao yana rangi gani."

Alienda mlangoni. Mlango ulifunguka kwa ajili yake, sss, kama ulivyofunguka siku zote, na Sikudhani akasimama kidogo akiutazama ulivyojikunja ukutani, kabla ya kutoka. Mwatime akasonya. Msonyo haukumsaidia kitu.

*

Ukumbi wa baraza ulijaa. Wachimbaji walikuja na nguo zao za kazi, wakasimama nyuma wakinong'ona Kiswahili mpaka Aldis akaomba kimya mara mbili. Sikudhani alikaa peke yake upande wa kushoto. Kwenye ukuta wa mbele Mlezi alikuwa ameandika yale majina mawili, Shekue na Mwatime, na karibu nayo nafasi tupu inayosubiri maana.

Kiapo cha mkalimani kina maswali matatu, na kila mara Mlezi hupima sauti inayojibu. Uongo una mtetemo wake. Mlezi akiukuta, kiapo kinavunjika, mkalimani anatolewa, na maana inarudi kuwa ile inayotumika zaidi. Mwatime aliyajua haya kwa moyo. Usiku kucha hakuyafikiria maswali mawili ya kwanza. Alikuwa akiliogopa la tatu.

Umelisikia neno? Amelisikia. Unaijua lugha ya msemaji? Anaijua.

"Haf thu ord an hir?" aliuliza Aldis. Na kwa ukarimu wake wa kutaka watu wa nyuma waelewe, akalitafsiri mwenyewe: "Una neno naye?"

Wachimbaji walitazamana. Waasisi walikusudia swali dogo la kiofisi: mmewahi kupatana jambo kabla ya leo? Lakini kwa Kiswahili lilitua pale pale kwenye kidonda. Nani humu asiyejua kama Mwatime ana neno na Sikudhani? Analo neno, analo gunia la maneno! Akisema analo, anatolewa, na Sikudhani amekwisha. Akisema hana, sauti itamsaliti, na Sikudhani amekwisha vile vile. Njia zote mbili zilimwachia Mwatime mumewe, na mikono yake safi. Shetani hajawahi kumpangia mtu meza vizuri namna ile.

Alijitazama ndani, kwa mara ya kwanza bila kujionea haya. Wivu ulikuwepo, mnene, umekaa. Akatafuta katika yale maneno mia sita jina la kuuita. Thamani? Hapana. Njaa? Hapana. Hasira, hofu, baridi? Hapana, hapana. Waasisi hawakumwachia hata moja.

"Ik haf nen ord," alijibu. Sina neno.

Sauti yake haikutetemeka, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Taa ya Mlezi ikabaki nyeupe. Nyuma mtu mmoja akakohoa kwa mshangao.

"Kiapo kimepokelewa," alisema Aldis. "Maana?"

Kiapo kikishapokelewa, Mlezi hapimi tena. Sasa hakuna wa kumlaumu, wala mashine, wala sheria, wala swali baya. Ilibaki midomo yake. Kuivuta sauti, au kuikata fupi. Ilikuwa tofauti ya nusu pumzi. Alimwona Shekue akifungua macho na kumkuta yeye. Alijiona akimwambia, ya zamani yaishe, niigie Bi Aldis, nicheke na mimi. Alikitaka kicheko kile kwa uchungu kiasi kwamba ulimi ulianza kujikunja wenyewe kwenye neno fupi. Sikudhani hakuwa akimtazama. Alikuwa ameugeukia mlango wa ukumbi, kama mtu anayeuaga.

"Waard," alisema Mwatime, akaivuta sauti mpaka kila mtu akaisikia. "Kulinda. Alisema alindwe."

"Maana imefungwa," alisema Mlezi.

Ukutani jina la Mwatime lilififia, likatoka. Pakaandikwa: Shekue ward Sikudhani. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Nyuma mwanamke mmoja alipiga kigelegele, kisha akakumbuka ni nini hasa anachokishangilia, na kigelegele kikamfia kooni.

Sikudhani alisimama, akaja hadi mbele ya Mwatime. Alifumbua kinywa.

"Usinishukuru," alisema Mwatime. "Nakuomba. Ukinishukuru nitakuzaba kofi mbele za watu."

*

Siku ya kuamshwa Mwatime alienda hata hivyo. Alisimama mbele ya mlango wa chumba cha wagonjwa na mlango haukujua ni nani. Alijikuta amesimama upande, bega kwenye ukuta, miguu karibu karibu ili asizibe njia, na alipogundua amesimama kama nani, alijinyoosha upesi.

Aliyaambia masikio yake yasisikilize, yakasikiliza. Ndani sauti ya Sikudhani ilikuwa ikiita. Shekue. Shekue, amka. Shekue, ni mimi. Kila mara ilizidi kuwa nyembamba.

Mlango ulifunguka ghafla. Sikudhani alikuwa amelowa jasho.

"Haitiki," alisema. "Nimemwita nusu saa. Mstari haupandi. Mlezi anasema saa ikitimia bila jibu wanamrudisha usingizini mwezi mzima, na wanaorudishwa..." Hakumaliza. "Ingia, dada. Ingia umwite wewe."

"Sauti yangu haipokelewi, unajua hilo."

"Basi nifundishe. Ukimwamsha nyumbani unasemaje?"

Mwatime alimtazama. Hili nalo! Alikuwa ametoa jina ukutani, ametoa kiti, ametoa mlango. Alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha miaka kumi na tisa ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukisikia, kwa kuwa husemwa chumbani, kabla ya uso kunawa. Na huyu amenyoosha mkono anakitaka hicho pia. Wivu ulimpanda mpaka akasikia ladha yake mdomoni, kama sarafu.

Kwenye ukuta, zaidi ya bega la Sikudhani, mstari wa kijani ulikuwa ukitambaa chini chini.

"Simwiti jina," alisema hatimaye. "Jina halimwamshi. Namwambia, 'Chai inapoa, bwana mkubwa.' Halafu namvuta kidole gumba cha mguu. Cha kulia. Cha kushoto ananuna siku nzima."

Waliingia pamoja. Maji ya dawa yalikuwa yameshatolewa, Shekue amefunikwa shuka. Sikudhani aliinama sikioni kwake, Mwatime akaenda upande wa miguu.

"Chai inapoa, bwana mkubwa," alisema Sikudhani.

Mstari haukutikisika.

"Siyo hivyo," alisema Mwatime. "Unasema kama muuguzi. Tia ukali. Sema kama umemchoka."

"Kama nimemchoka?"

"Umemchoka, na hutaki aende popote."

Sikudhani alifumba macho, akavuta pumzi, na alipolitamka safari hii Mwatime alisisimka mwili mzima, kwa sababu lilikuwa lenyewe, ukali wake na uvivu wake wa asubuhi, kana kwamba limezaliwa kwenye kinywa kile.

"Chai inapoa, bwana mkubwa."

Mwatime alikivuta kidole.

Mstari ulipanda. Ukashuka, ukapanda tena, ukakaa juu. Kope za Shekue zilicheza, zikafunguka. Macho yalizunguka polepole kwenye dari, yakitafuta sauti ilikotoka, yakampata Sikudhani, yakatulia juu yake, na pembe za mdomo zikaanza kutabasamu.

Mwatime aliyaona yote, na hakukiachia kidole.